Waliovuka Siku ya Sabato

Asubuhi kabla ya kengele na jioni baada ya masomo, Persis wa Gredi ya Saba alisimama mbele ya kinu cha unga cha Mzee Bosire pale Masimba, daftari mkononi. Kila mtu aliyevuka barabara alichorewa kijistari. Mhandisi wa barabara, Bi Mokeira, alikuwa na rangi ya kivuko kimoja tu cha milia, na hesabu ya wiki nzima ndiyo ingemwonyesha pa kukipaka.

Persis alikitaka kivuko hapo kinuni kwa kufa na kupona. Hapo ndipo pikipiki ilipomwangusha nyanya yake, Bitutu, akitoka kusaga wimbi. Goti lilikuwa bado limevimba.

Balaa ilikuwa Jumamosi. Alikwenda Nyaramba kwa binamu yake Joyline, michezo ikanoga, hesabu ikamtoka akilini. Jumapili jioni, bila haya, akanakili hesabu ya Ijumaa kwenye ukurasa wa Jumamosi: watu mia mbili na kumi na wawili. Akaona haitoshi, akaongeza utamu: "Wengi wamebeba mahindi ya kusaga."

Jumatatu Persis, Nyanya, Bi Mokeira na watu wa Masimba walikutana kinuni. Bi Mokeira alilisoma daftari kwa sauti. Mzee Bosire akakuna kichwa.

"Mahindi gani, Madam? Jumamosi ni Sabato. Mimi niko kanisani mpaka jioni, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Hao mia mbili walisagiwa na nani?"

Watu waliangua kicheko. Bi Mokeira hakucheka. Alilifunga daftari.

"Kama siku moja imetungwa, nitaziaminije hizo sita? Kuna miji mingine inayoitaka rangi hii."

Persis angeweza kusema alikosea tarehe. Alimtazama Nyanya akiegemea fimbo, akashindwa.

"Nilidanganya, Madam," alisema, machozi yakimlengalenga. "Sikuwa hapa. Lakini hizo siku nyingine ni za kweli. Nipe Jumamosi moja tu."

Bi Mokeira alimrudishia daftari. "Haya. Moja tu."

Jumamosi iliyofuata Persis aliketi pale kinuni tangu saa mbili asubuhi. Kufikia saa sita alikuwa na vijistari tisa, na mbuzi mmoja ambaye hakumhesabu. Mara milango ya kanisa lililo kwenye kona ikafunguka! Akina mama, watoto, wazee, wote walimiminika barabarani pale ambapo njia ya miguu iliishia mtaroni. Persis alitimua mbio hadi konani, kalamu ikacheza. Mia tatu na themanini!

Alimpelekea Bi Mokeira hesabu hiyo, ingawa ilimnyima kivuko cha kinuni. Walihesabu kona wiki nzima pamoja, na kinu kikashindwa kwa mbali. Kivuko kikapakwa konani, na mtaro ukafunikwa ili watu wa kinuni wakifikie bila kukanyaga lami.

Nyanya Bitutu alivuka wa kwanza. Lori la majani chai likasimama tuli, vigelegele vikapigwa.

"Obee! Hata lori linaniheshimu!" alipiga kelele.

Persis aliruka kwa furaha. Bi Mokeira akamshika bega.

"Uongo wako ungeniambia nipake kinuni, na watoto hawa wangeendelea kukimbizana na magari hapa. Mwanangu, anayehesabu watu ameshika maisha yao. Kama hukuwepo, sema hukuwepo."

"Nimeelewa, Madam."

"Persis!" Nyanya aliita kutoka ng'ambo. "Njoo tuvuke tena, sijashiba!"

Persis alitazama kulia, kushoto na kulia tena, akavuka.