Dawa ya Pamba katika Jino la Limbu

Msimu wa kupulizia pamba ulipofika, kazi ya kwanza ya Kabula kila asubuhi ilikuwa kuteka maji. Hayakuwa ya kunywa tu. Ndoo mbili za ziada zilikwenda shambani, kwa sababu bomba la kupulizia la baba yake lilikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Akishazifikisha, alinawa miguu, akavaa sare na kukimbilia shule, mwendo wa nusu saa kutoka kijijini kwao, nje ya Lagangabilili. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na katika sayansi hakuna aliyempita. Jambo hilo alilijua, na hakuona haya kulisema.

Jumamosi moja baba yake, mzee Mihayo, alipasua kitumba cha pamba kwa ukucha wa kidole gumba, akamwonyesha funza aliyejikunja ndani.

"Unamwona huyu? Nje anatoboa tundu dogo tu, huku ndani anakula kila kitu."

Kabula akauliza dawa itampataje mdudu aliyejificha hivyo. Baba yake akamjibu, huku akitikisa bomba, kwamba dawa ya safari hii ni kali. Humfuata funza hukohuko aliko.

Dawa yenyewe ilikuwa katika chupa ya soda. Miaka ya nyuma chama cha ushirika kilileta dawa katika makopo yenye maandishi ya Kiswahili, na bwana shamba alikuja na baiskeli kuwaonyesha watu namna ya kuipima, kufunga kitambaa puani na kuoga baada ya kazi. Huu ulikuwa msimu wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe. Ushirika ulikuwa umelala chali, bwana shamba haonekani, na dawa iliuzwa gulioni na Kasmiri, kijana mchangamfu aliyeipima kwa kikombe kutoka katika dumu na kummiminia kila mtu katika chupa aliyokuja nayo. Aliyeuliza jina la dawa aliambiwa: "Inaua. Jina la nini, unataka kuibatiza?" Watu wakacheka, wakanunua. Ndiyo biashara huria, walisema, kila mtu na lake.

Kwenye meza hiyohiyo Kasmiri aliuza pipi za rangi zilizokuwa zimefurika nchini miaka hiyo. Limbu, mdogo wake Kabula mwenye miaka tisa, alizipenda kuliko nyama. Aliweza kukaa na pipi shavuni tangu anawaswaga mbuzi hadi anawarudisha, na akilala nayo hakuna aliyemgombeza.

Sasa gego lake la chini lilikuwa na tundu jeusi. Chakula kikiingia, alilia. Maji ya baridi yakimgusa, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Yakipita, maumivu yalitulia, naye akarudi kucheza. Mama yake, Kwandu, alimsukutulisha maji ya chumvi. Majirani walipochungulia walisema neno moja: mdudu ameingia kwenye jino. Mzee Mihayo akaamua kwamba kupulizia kukiisha, mtoto atapelekwa kung'olewa.

Limbu aliyasikia hayo, akamwendea dada yake. Alikuwa amemwona jirani aliyetoka kung'olewa jino, shavu limevimba kama kibuyu. Akamwomba Kabula, mwenye kujua sayansi, amwokoe na koleo.

Kabula alifikiri. Jino lina mdudu. Mdudu ametoboa tundu dogo na anakula ndani. Basi huyu ana tofauti gani na funza wa kitumba? Na dawa inayomfuata funza ndani ya kitumba inashindwaje kumfuata ndani ya jino? Hesabu ilikuja sawasawa. Jumatatu asubuhi, baba akiwa shambani na mama zizini, alichukua chembe ya pamba, akaichovya katika ile chupa ya soda iliyokaa chini ya kitanda cha baba na kuisukumia katika tundu la jino. Limbu alisema inachoma. Baada ya muda akasema ulimi umekufa ganzi, na jino haliumi tena. Kabula akamwonya asimwambie mtu, akaenda shule kichwa juu.

Saa saba mchana aliporudi, nyumba ilikuwa wazi na haina mtu. Mtoto wa jirani alimwambia Limbu amebebwa kupelekwa zahanati. Kabula hakuvua hata mkoba.

Limbu alikuwa amelazwa kwenye benchi, jasho linamtoka, mate yanamtiririka hadi shingoni. Alikuwa ametapika mara nne. Mama Nyanjige, mhudumu wa zahanati, alikuwa akitayarisha sindano ya kwinini, maana msimu ule wagonjwa wanane kati ya kumi walikuwa na malaria. Mlangoni mwanamke mmoja alinong'ona kwamba hii si malaria, mtoto kalogwa, na tayari alikuwa ameshamtaja bibi mmoja mjane ambaye kosa lake lilikuwa macho mekundu. Mzee Mihayo alikuwa amesimama ukutani, hajanawa mikono ya shambani, amekaza taya.

Kabula alielewa yote kwa mara moja. Akisema, fimbo ya baba inamngoja, na kijiji kizima kitajua kwamba yule hodari wa sayansi kampa mdogo wake sumu. Akinyamaza, Limbu atatibiwa ugonjwa asio nao. Na yule bibi, Kabula alijua watamfanyaje. Bibi kama huyo alichomewa nyumba kijiji cha pili mwaka uliotangulia, na hakuna aliyekamatwa. Miguu ilimwambia akimbie. Akasogea hadi kwenye benchi.

"Si malaria," alisema. "Nimemwekea dawa ya pamba kwenye jino. Asubuhi. Ni mimi."

Mama yake alimtazama kama hamjui. Mama Nyanjige aliiweka sindano chini, akafungua kinywa cha Limbu, akakichomoa kipande cha pamba kwa kibanio na kukinusa. Kisha akainua kope za mtoto. Mboni zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama ncha ya sindano.

"Dawa gani?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Mzee Mihayo alikimbia nyumbani akaleta chupa, na chupa ilisema soda ya machungwa.

Mama Nyanjige alimsafisha Limbu kinywa kwa maji mengi, akamvua shati na kumwosha uso, kisha akamchoma sindano ya kuzuia sumu aliyokuwa nayo, moja tu. Nyingine, alisema, ziko hospitali Bariadi, na mtoto lazima afike huko kabla hajaanza kushindwa kupumua. Hilali, mwenye duka wa Lagangabilili, alikuwa akipita barabarani na pikapu yake imejaa magunia ya sukari. Aliposikia habari, alishusha magunia kando ya njia, akatandika turubai nyuma. "Sukari itanisubiri," alisema. "Pandeni, mayu," akamwambia Kwandu, yaani mama kwa Kisukuma, na wazazi wakapanda na watoto wote wawili.

Siku mbili Limbu alikaa kitandani na mpira wa maji mkononi, akichomwa sindano kila mara. Siku ya tatu aliomba ugali na maziwa, na mama yake akalia kwa mara ya kwanza. Daktari wa wodi alimwambia mzee Mihayo bila kuzunguka kwamba kama yule binti angenyamaza hadi jioni, wasingekuwa wanazungumza habari za ugali.

Lilibaki jino. Waliandikiwa kwenda chumba cha meno, kwa tabibu aliyeitwa Salvatory, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mzee Mihayo alimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akasema ang'oe tu waondoke, kwani huyu ni mtoto, litaota jingine.

"Hili haliotwi na jingine, mzee, likitoka limetoka," Salvatory alisema. "Gego hili huota mtoto akiwa na miaka sita, nyuma ya meno ya utoto, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Nikiling'oa, ameingia uzeeni na pengo."

Mzee Mihayo akauliza, na huyo mdudu?

Salvatory akamwita Kabula, akampa kioo kidogo chenye mpini na kumwambia amtafute. Kabula alitafuta kwa makini. Aliona shimo, weusi na mabaki ya chakula. Funza hakuwepo.

Tabibu akaeleza taratibu, akimtazama Kabula kuliko wengine. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakaa kwenye ukoga, ule utando unaoteleza juu ya meno yasiyopigwa mswaki. Mtu akila sukari, navyo vinakula, kisha vinatoa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo inayoyeyusha gamba gumu la jino, kidogokidogo. Pipi inayokaa shavuni kutwa nzima haipi jino nafasi ya kupumzika. Tundu likipita gamba la nje, linaingia sehemu laini. Hapo baridi na utamu huanza kuuma. Likifika katikati kabisa, kwenye mshipa wa fahamu, jino huuma lenyewe hata mtu akiwa amekaa, kisha usaha hutunga chini yake.

"Hakuna sumu ya shambani inayoponya hilo," alisema. "Ile ganzi aliyoisikia haikuwa kupona. Nyama za kinywa zilikuwa zinaungua."

Umeme ulikuwa umekatika, lakini hakuuhitaji. Alikwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono vyenye ncha kama vijiko vidogo. Limbu alikuwa amemshika dada yake mkono. Alikunja uso mara mbili, hakulia. Tundu lilipokuwa safi, Salvatory alikoroga unga mweupe na maji yake hadi ukawa kama udongo wa kufinyangia, akalijaza tundu, akalisawazisha na kumwambia Limbu asitafune upande ule kwa saa moja. Kazi yote haikufikia nusu saa.

Kabula akauliza ingekuwaje kama tundu lingefika kwenye mshipa. Tabibu alisema hata hapo jino huweza kuokolewa: mshipa uliooza hutolewa, mizizi husafishwa na kujazwa, na jino likiwa limedhoofika huvishwa kofia ngumu lisipasuke. Yeye hakuwa na vifaa hivyo. Mgonjwa angelazimika kwenda Mwanza. Kung'oa ni hatua ya mwisho, na baada yake mtu anaweza kutengenezewa meno ya bandia.

"Mbona huku kwetu tunang'olewa tu?" mzee Mihayo akauliza.

"Kwa sababu vituo vingi vimepewa koleo, havikupewa unga," Salvatory alijibu. "Na kwa sababu mnakuja jino likishakuwa gofu. Hebu nawe fungua kinywa."

Mzee Mihayo alifungua kwa aibu. Kulikuwa na mizizi miwili iliyobaki ya magego yaliyovunjika, na fizi zilizotoa damu zilipoguswa tu. Alikiri kwamba zinatoka damu siku nyingi, ndiyo maana akaacha mswaki. Salvatory akamwambia amefanya kinyume: fizi zinatoka damu kwa sababu ya ukoga ulioganda, na ukiachwa, hata jino lisilo na tundu hulegea na kuanguka. Mizizi ile itolewe, ukoga ukwanguliwe, na mswaki urudi, wa dukani au wa mti, asubuhi na kabla ya kulala.

"Nilileta mgonjwa mmoja, nimekuwa wa pili," mzee Mihayo alisema.

"Wa tatu huyu hapa," tabibu akasema, naye Kabula akafungua kinywa. Alikuwa na doa moja tu. Kisha Salvatory akamwambia jambo ambalo hakulisahau: "Swali lako lilikuwa zuri, binti. Kosa ni kwamba ulijijibu mwenyewe, halafu ukamjaribia mtu mwingine."

Nje, wakisubiri usafiri, Kabula alikaa mbali kidogo na baba yake. Siku tatu alikuwa akiingoja ile fimbo. Baba yake akamwita asogee.

"Sumu niliiweka mimi chini ya kitanda, katika chupa ya kunywea," alisema. "Niliinunua bila kujua jina lake, nikamcheka aliyeuliza. Wewe umekosea, mayu, na kosa lako lilikuwa linamuua ndugu yako. Lakini ulilisema mbele za watu wakati kulisema kulikuwa na faida. Sisi wakubwa kosa letu tumelinyamazia misimu miwili. Ukiwa hujui, uliza. Ukikosea, sema mapema, maana kosa likifichwa linaendelea na kazi yake."

Kisha akasema Jumapili kuna mkutano wa kijiji. Atasimama na kumtaka Kasmiri alete dawa katika kopo lenye jina na maelezo, au asiuze kabisa. Yule mama aliyenong'ona naye atamwomba radhi bibi mjane mbele ya wote. Na Kabula atasimama pia, aeleze alichofanya tangu mwanzo hadi mwisho.

Kabula akasema watu watamcheka.

"Wacheke," baba yake alisema. "Wakimaliza kucheka, watakuwa wameshasikia."