Mfuko Mwembamba wa Kamate

Lydie alimcheka Kamate kabla hajamjua jina. Soko la Bunia lilikuwa limefurika, jua la saa sita linachoma, na kijana huyu mwenye shati la kitenge lililopigwa pasi vizuri alikuwa amejilaza juu ya turubai ambalo Lydie aliuzia mitumba, ndani ya mfuko wa kulalia, jasho likimtiririka. Alisema ameajiriwa kuwaongoza wapanda milima kule Ruwenzori, kwenye theluji, miezi minane, na hanunui mfuko ambao hajaulalia kwanza.

Akajaribu kwa wiki tatu. Kila siku alilala, akageuka, akaondoka mikono mitupu, na akina mama wa meza za jirani walishajua kwamba anachotafuta si mfuko. Lydie naye alijua. Alianza kusuka nywele upya kila Jumamosi na kuvaa kile kikwembe cha bluu kilichomkaa vizuri.

Kisha Kamate akaulizia mfuko mpana, wa watu wawili. Lydie akadhani ana mwanamke mwingine. Alimdanganya kuwa umeshauzwa, na kwa siku nne hakupokea simu yake hata moja, ingawa kila ilipolia aliitamani sauti ile.

Siku ya tano ilikuwa ya safari. Kamate alifika na begi mgongoni.

“Ule mutu wa pili ni nani?” Lydie akauliza bila kumtazama.

“Ni weye. Kule kambi banatafuta mupishi. Nilikosa nguvu ya kukuuliza.”

Lydie nusura acheke, nusura alie. Mama yake hakuweza kuinuka kitandani bila mkono wake, na Kamate alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa amenyamaza. Hakukuwa na la kubishania. Lydie akatungua mfuko mwembamba wa manyoya ya bata, ambao alikuwa ameutundika ili manyoya yasilale.

“Kamata hii.”

“Mi nataka ile ingine kubwa, ile naona pale nyuma.”

“Ile iko kubwa, chéri. Ukilala ndani peke yako, baridi italala pa nafasi yangu. Itakuua.”

Kamate akashusha begi. Aliingia kwenye ule mwembamba, na Lydie akapiga magoti kumfungia zipu polepole, kifuani, shingoni, mpaka kidevuni. Mikono ya Kamate ikabanwa humo ndani. Uso tu ndio uliobaki nje.

“Bazee yangu batafika kwenu dimanche, misa ikiisha, kuongea na mama,” akasema. “Utaningoja?”

Lydie alimwambia atamngoja. Alimwambia pia kwamba anampenda, na kwamba siku zile nne zilimchosha kuliko mwaka mzima.

Barabarani, dereva wa pikipiki akapiga honi mara mbili.

“Fungua, Lydie. Dereva wa moto ananingoja.”

Lydie aliishika zipu kwa mikono miwili, akaitika, lakini hakuivuta.