Saini ya Noemi

Noemi Tzoc alifanya kazi katika kiwanda cha kuku mjini Colby Springs, jimbo la Tennessee. Alitoka Guatemala akiwa kijana. Sasa alikuwa raia wa Marekani na alipiga kura.

Kiingereza alijifunza mwenyewe, hapo hapo kiwandani. Majirani zake wengi walijua Kihispania tu. Mwenye shida na manispaa alimkimbilia yeye. Kila Jumamosi mlango wake ulibishwa.

"Dada Noemi, nisomee barua hii."

"Dada Noemi, nisindikize kwa makarani."

Noemi alijifanya amechoka, lakini moyoni alifurahi.

Kisha manispaa ikamwajiri Yesenia, binti wa miaka ishirini na minne. Alikaa dirisha la pili la ofisi ya manispaa na kuwahudumia watu kwa lugha zote mbili. Jumamosi za Noemi zikawa kimya. Hata mama yake, Bi Eulalia, alimsifu yule binti.

"Yesenia ana subira! Anakueleza mpaka uelewe."

"Kwani mimi sikuwa na subira?"

"Wewe ulikuwa unafoka, mwanangu."

Maneno hayo yalimchoma Noemi. Alimwonea Yesenia wivu mpaka akakosa hamu ya kula.

Mwezi wa nane, diwani mmoja akaleta hoja. Alitaka manispaa itumie Kiingereza peke yake katika matangazo, fomu na huduma zote. "Lugha moja itatuunganisha," alisema. Ili hoja ipigiwe kura na wananchi, saini zilihitajika kwanza.

Mama mmoja alikuwa akikusanya saini nje ya duka. Noemi aliisoma karatasi yote. Akaelewa. Akawaza: dirisha la pili likifungwa, watarudi kwangu.

Akatia saini. Hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata bomba kuu la maji lilipasuka. Noemi alirudi kutoka kazini jioni, akakuta sufuria mbili kubwa jikoni. Watoto wa jirani walikuwa wameketi mezani.

"Unapika nini, mama?"

"Maji. Wamebandika karatasi mlangoni asubuhi. Maji yameingia uchafu, tuyachemshe siku tatu. Hawa nimewakuta wanataka kunywa ya bomba. Mama yao yuko kazini kama wewe."

Noemi aliitazama ile karatasi. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kihispania.

"Ingekuwa Kiingereza tupu, ungefanyaje?"

"Ningeitumia kufungia mikate ya tortilla," Bi Eulalia akajibu, akacheka.

Noemi hakucheka. Tangu alfajiri yeye alikuwa kiwandani. Nani angewasomea?

Kesho yake alikwenda dirisha la pili.

"Nataka kuondoa saini yangu kwenye ile hoja ya Kiingereza."

Yesenia alishangaa. "Ulisaini wewe, dada? Kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

Yesenia akavuta karatasi nyeupe.

"Andika jina, anwani, na kwamba unaondoa saini yako. Weka tarehe, tia saini. Ilete kabla ya Ijumaa, kabla hawajahesabu. Na Jumanne kuna kikao cha wananchi. Unajiandikisha mlangoni, unapewa dakika tatu. Si lazima uwe msomi."

"Watasema nini kuhusu mtu aliyesaini halafu akageuka?"

"Sema ukweli tu. Mimi siruhusiwi kusema, ni mwajiriwa. Wewe unaruhusiwa."

Jumanne Noemi alisimama mbele ya madiwani. Alisema kwa Kiingereza chake cha kiwandani:

"Najua Kiingereza, na kila mtu hapa ajifunze. Lakini maji machafu hayamsubiri mtu amalize masomo. Nilisaini kwa wivu. Mnaotaka kusaini, someni kwanza."

Hoja ilifika kwa wapiga kura mwezi wa kumi na moja. Noemi alipita nyumba kwa nyumba akiwakumbusha raia wenzake wakapige kura. Hoja ikashindwa. Matangazo yakaendelea kutolewa kwa lugha mbili, na Noemi akaanza kufundisha Kiingereza kanisani kila Jumamosi.

Siku moja alimkuta mama yake akisukuma pipa jipya la taka uani.

"Umelipata wapi?"

"Manispaa. Nimejaza fomu ya Kihispania."

"Ulikwenda na nani?"

"Na miguu yangu," alisema Bi Eulalia.

Wivu ulimchoma Noemi kidogo, kama mwiba mdogo. Kisha akashika upande wa pili wa pipa, wakalisukuma pamoja.