Nakala za Bundala

"Elfu kumi na nane silipi," Byarugaba alisema, akatupa fungu la karatasi juu ya kaunta. "Hata mia silipi."

Alistidia alimjibu kwamba kazi imefanyika, wino umetumika, na dukani kwake deni halilali. Ratiba za mazishi mia mbili, karatasi nzuri, printa ya leza. Asubuhi alizichukua mwenyewe na kuzisifu. Mchana anazirudishaje kama maganda ya ndizi?

Byarugaba aliweka kidole chini ya ukurasa. "Soma hapa, mama. Soma kwa sauti."

Ilikuwa ratiba ya kaka yake, mwalimu wa Kahororo, aliyetoka kuzikwa siku hiyohiyo. Nyimbo, masomo, neno la mchungaji, vyote vilikuwa mahali pake. Ila chini kabisa, palipotakiwa kuwa peupe, palikuwa na mstari: *Mimi Minza, mke wa marehemu, nawashukuru wote.*

Mke wa marehemu aliitwa Georgina. Alikaa kando ya jeneza, na watu waliomzunguka wameshika kila mmoja jina la mwanamke mwingine mkononi. Miaka ile jina kama hilo halikuwa jambo la wivu tu, lilikuwa jibu. Watu walinong'ona kuwa kumbe mwalimu alikuwa na mke visiwani kwa wavuvi, kumbe Juliana alimkuta huko. Wazee bado waliuita ukimwi Juliana. Georgina hakulia. Aliikunja karatasi, akauliza kama achimbiwe hapohapo kando ya mumewe ili wasipate shida ya kurudi.

Byarugaba aliondoka bila kulipa na bila kuaga. Alistidia akageuka kumtafuta Jovitha.

Jovitha alikuwa mtoto wa kaka yake. Kaka amekufa, wifi amekufa, wadogo zao wamekufa, kibanja cha Izigo, shamba la migomba la ukoo, kimeota magugu hadi mlangoni. Aliyebaki katika ukoo mzima ni msichana huyu mwembamba aliyechapa ratiba za mazishi katika duka la Miembeni. Alistidia alimpenda kwa kumkaripia, maana njia nyingine alikuwa ameisahau. Yeye mwenyewe hakufundishwa na mtu. Taipu alijifunza kwa kuchungulia alipokuwa akifagia ofisi za watu, na kompyuta alijifunza kwa kuumizwa na kompyuta.

Walifungua faili. Kwenye kioo mstari wa Minza haukuwepo. Wakachapa karatasi moja. Mstari ulikuwepo.

"Shangazi," Jovitha alisema polepole, "ratiba hii si mpya."

Akaeleza. Programu yao ya kupanga maandishi ilijua printa nyingi. Kila printa ina lugha yake, na programu ilizisema zote, kama mchuuzi wa samaki visiwani anavyosema Kisukuma na huyu, Kihaya na yule, na Kiganda na mwenye hela. Lakini ukurasa uliopangwa kwa printa moja haukubali kuhamishwa bila kinyongo. Huu ulipangwa kwa printa yao kuukuu ya sindano, inayogonga herufi juu ya utepe wa wino. Kila alipoufungua, kompyuta iliuliza kama uhamishiwe leza, naye akabonyeza ndiyo. Mwaka mzima alifanya hivyo, akifuta jina la aliyezikwa wiki iliyopita na kuweka la wiki hii. Misiba ilikuwa mingi. Nani angeanza upya kila mara?

"Wa kwanza alikuwa nani?"

"Bundala. Yule mvuvi."

Alistidia alimkumbuka mke wa Bundala, Minza huyohuyo, mwanamke wa Kisukuma aliyenuka dagaa na moshi, aliyevuka kutoka kisiwani kuagiza nakala hamsini ili mumewe asomwe jina lake kama watu wa bara. Alikuwa na nusu ya fedha, akailipa. Alistidia alimwambia alete nusu nyingine ndipo achapiwe. Mwanamke akakaa kwenye benchi hadi duka likafungwa, kisha akainuka akaenda. Hakurudi, na Alistidia hakumfikiria tena. Alikuwa mtu wa haki: asichostahili hakudai, na asicholipwa hakutoa.

Tangu siku ile ya Byarugaba duka lilianza kunuka. Kwanza harufu ya dagaa waliolowa mvua, halafu tope la ziwani, halafu kitu ambacho wateja walikinusa wakarudi nyuma wakidai wamesahau kitu nyumbani, bila kusema ni nini. Alistidia alipiga deki, akamwaga dawa, akapiga deki tena. Maige, mchuuzi wa sangara, alipopita kutoa kopi ya leseni yake, aliulizwa habari za Minza. Alisimulia kama anayetaja bei ya samaki. Minza alifia ndani ya mtumbwi siku ileile aliyotoka mjini, ile njaa na ule ugonjwa vimekutana. Bundala alifukiwa mchangani bila kusomwa, maana mkewe alikataza asisomwe mpaka karatasi zifike. Kisha ziwa likapanda, likala mchanga na vilivyokuwamo.

Jioni yake Jovitha alipata homa. Asubuhi akaanza kusema Kisukuma, yeye aliyezaliwa Izigo na ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kufika Muleba.

Alistidia hakutaka waganga. Lakini mchungaji aliomba akaondoka, na msichana akaendelea kusema vilevile, sauti tambarare, kama mtu anayesubiri zamu. Basi akaletwa bibi Kokwijuka kutoka Izigo na kifurushi chake cha majani. Alifukiza duka hadi macho yakawatoka machozi ambayo misiba ilikuwa haiwezi tena kuwatoa. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye ngazi.

"Waitu, hilo ni jini la ziwa," alinong'ona. "Limemeza dai la yule mwanamke na sasa linatembea nalo. Mimi jini nalitoa. Lenye dai halitoki kwa moshi. Mpe chake."

Alistidia alikasirika. Chake kipi, wakati nusu hakulipa? Lakini alikwenda akaketi mbele ya kompyuta. Jovitha alikuwa amelazwa kwenye mkeka nyuma ya pazia, kifudifudi, kwa sababu mgongo ulimwasha.

Mvua ilikuwa inanyesha mchana ule. Aliandika upya ratiba ya Bundala, jina na nyimbo na shukrani, akaituma kwenye leza. Karatasi ikatoka nyeupe. Akajaribu lugha za printa nyingine zilizokuwa kwenye programu, moja baada ya nyingine, na leza ikatema alama kama nyayo za kuku. Ikabaki ile iliyopangiwa ukurasa tangu mwanzo. Aliitoa printa ya sindano chini ya kaunta, akaifuta vumbi, akaiunganisha. Utepe wake ulikuwa umekauka kama ugoro, na utepe mpya ungetoka Mwanza kwa meli. Akabonyeza.

Sindano zikaanza kugonga, mstari wa kwanza, wa pili, na karatasi ilipanda tupu, bila doa la wino, imebonyezwa tu, na Alistidia alikuwa anainama aione vizuri dirishani aliposikia nyuma ya pazia Jovitha akivuta pumzi kila sindano zilipokwenda na kuiachia kila ziliporudi, akaenda akafunua pazia, akafunua na kanga, akaona juu ya mgongo wa mtoto wa kaka yake herufi zinatoka moja moja, nyekundu, zimevimba, zimenyooka kama zilizopimwa kwa rula, *Ratiba ya mazishi ya marehemu Bundala*, na chini yake wimbo wa kwanza, na chini yake wa pili, na alipokimbia kuchomoa waya ukutani waya ukatoka, taa ya printa ikazimika, na sindano zikaendelea kugonga kwa utulivu uleule mpaka mstari wa mwisho, ule wa shukrani, kiunoni.

Kisha kimya. Ngozi ilikuwa inavuja maji kidogo. Ubavuni na mikononi bado palikuwa peupe.

"Subiri," Alistidia alisema, hakujua kwa nani. "Nitatafuta utepe. Kesho kutwa meli inakuja. Nitachapa zote."

Jovitha aliinua uso kutoka mkekani. Sauti haikuwa yake, ila sasa ilisema Kiswahili, cha mtu aliyejifunza ukubwani.

"Nilisubiri hapo kwenye benchi."

Alistidia alipiga magoti. Kati ya maneno yote aliyoyajua lilimtoka lile alilolizoea kuliko yote.

"Ulilipa nusu," alisema.

Printa ilijivuta karatasi nyingine yenyewe. Sauti ile ilifikiri kidogo, kama mteja anayekubali bei.

"Basi nipe nusu yangu. Moja nimepata. Bado ishirini na nne."