Uso Uliokataa Kuwa wa Jaji

Mdomo ndio ulioanza ukorofi. Mchoraji aliuchora mdomo wa Jaji kwa wino, mwembamba, wa mtu asiyecheka ovyo. Alipogeuka kuchukua rangi za maji, kurudi akaukuta mnene, tena unatabasamu upande mmoja.

"Haya, leo mkono una wazimu," akasema, akaichana karatasi.

Wala si kwamba hakuujua uso ule. Jaji ndiye aliyemrudishia binti yake, baada ya wakwe kumng'ang'ania mtoto kana kwamba wamemzaa wao. Sasa Jaji anastaafu, wenzake wanataka picha ya kumuagia, na mchoraji aliapa kazi hiyo haigusi mtu mwingine. Lakini wapi! Kila karatasi, anatokea mwanamke asiyemjua, na tabasamu lake la upande, na macho ya kukufuata mpaka jikoni. Chumba nacho kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Alichora, akachana, akatukana, akalia kwa hasira. Fundi mzima kushindwa na mdomo!

"Mama," binti akanong'ona mchana mmoja, "huyo anapumua."

"Nani?"

"Huyo wa kwenye karatasi. Ukitoka tu, anapumua."

Mchoraji alifungua kinywa amkaripie, naye akaisikia pumzi, nzito, ya mtu aliyelala karibu sana. 

Shangazi yake akamleta mganga. Mganga hata kiti hakukalia. Alisimama akamtazama akifanya kazi, akaona anavyoilamba brashi ili ncha yake ichongoke.

"Mate yako unampa nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni mazoea tu, baba. Wachoraji wengi tunalamba."

"Basi na jini kazoea. Umemlisha mwenyewe. Anatafuta uso, na wako ndio ameuonja. Karatasi hiyo uichome leo leo. Maji yasiiguse, utamfungulia mlango."

Mchoraji akaitikia vizuri kabisa. Ila mganga alipoondoka, akaitazama ile karatasi. Ilikuwa nzito, ya pamba, ya mwisho, na Jaji anaagwa kesho. Karatasi kama hiyo mchoraji haichomi, anaiosha na kuianza upya. Na zile fujo zilikuwa zimemfika hapa kooni.

"Potelea mbali," akasema, akaizamisha kwenye beseni.

Wino ule haukuwa wa kutoka kwa maji, lakini ulitoka wote, ukazunguka beseni taratibu kama unatafuta pa kupitia, na alipoumwaga bafuni ulikawia kwenye tundu la maji, ukatoa sauti ya mtu anayemeza, kisha ukaenda. Karatasi ikabaki nyeupe. Harufu ikakata.

Na Jaji akaja kwenye karatasi! Mdomo, paji la uso, ule ukali wake wenye huruma, vyote vikatulia pale bila ugomvi. Mchoraji alicheka peke yake.

Kesho yake akamfungia binti ndani, akapeleka picha. Jaji aliitazama kwa muda mrefu, akamshika mkono.

"Na binti yetu hajambo?"

"Hajambo, mheshimiwa. Tunalala kitanda kimoja mpaka leo."

Akarudi nyumbani nusu anakimbia. Ufunguo ulizunguka lakini mlango haukufunguka. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Akagonga.

"Nani?" binti akauliza.

"Mimi mama. Fungua, mwanangu."

Harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango, ikampanda miguuni mpaka puani, na nyuma yake ikaja ile pumzi nzito, karibu kabisa na mbao, naye akagonga kwa viganja, akagonga kwa ngumi, akamwita mtoto kwa jina la utani ambalo hata wakwe hawakuwahi kulijua, akamsihi, akamwapia Mungu, mpaka sauti ikamkauka.

"Muongo wewe!" binti akalia kwa hofu. "Mama yuko hapa. Ananisuka."

Kisha ikasikika sauti nyingine mle ndani, sauti yake mwenyewe, haina tofauti hata chembe.

"Mwache agonge, mwanangu. Atachoka."