Uzi Kwenye Mguu wa Yangeyange

"Nani kakwambia ushushe weupe?"

Mikdad alisimama nyuma ya kiti cha Sihaba, kidole kimeelekea kwenye kompyuta kana kwamba anamsomea mtu mashtaka. Studio yao ndogo ya picha, jirani na soko la Bagamoyo, haikuwa na mteja mchana ule wa Alhamisi. Afadhali.

"Manyoya yalikuwa yameungua," Sihaba alijibu, sauti chini. "Ndege mweupe, chumvi nyeupe, jua la saa sita. Ukipandisha kontrasti vile, mwili wote unakuwa karatasi tupu. Nimeshusha mwanga mkali kidogo, unyoya mmoja mmoja urudi."

"Nilikutumia picha niliyokwisha kuihariri. Nikasema ongeza kontrasti, weupe usiguse. Faili asilia umeitoa wapi?"

"Kwenye kadi. Uliisahau ndani ya kamera."

Mikdad akainama kwenye kioo.

"Siha, funga hiyo picha."

Hakuifunga. Aliikuza. Yangeyange akajaa kioo kizima, manyoya ya shingo laini kama pamba iliyochambuliwa. Chini, kwenye mguu mweusi, pale ambapo mwanzo palikuwa na weupe mtupu, sasa ulionekana uzi wa nailoni. Ulizunguka mguu mara mbili, ukanyooka hadi kwenye kijiti kilichochomekwa kwenye chumvi.

"Hiki nini, Mikdad?"

"Mshipi wa wavuvi. Umemnasa."

"Una fundo. Na kijiti je, nacho kimemnasa?"

"Usinihoji kama polisi!"

Mwaka mzima Sihaba aliwasimulia wenzake habari za kijana anayekaa nusu siku kwenye tope la mashamba ya chumvi, akimsubiri ndege asogee kwa hiari yake. Hicho ndicho alichompendea. Si kamera, si sura. Yeye mwenyewe alikuwa mwoga wa watu, na aliamini mwanamume anayejua kumsubiri ndege angejua kumsubiri na yeye.

"Uliniambia ulimsubiri tangu alfajiri."

"Na nilisubiri! Siku tatu! Akitua, anaruka. Maonyesho ya picha ni Jumamosi, ukuta mkubwa mzima wameniachia mimi. Ulitaka nitundike nini, tope?"

"Ulimfungua?"

"Nini?"

"Ulipomaliza kupiga. Ulimfungua?"

Mikdad akageuka kutazama mlango. Feni ikazunguka juu yao.

"Nakuuliza, Mikdad."

"Ndege yule! Wako mamia pale! Wewe kazi yako kung'arisha, basi. Rudisha weupe, uwatumie waandaaji kabla ya magharibi."

"Situmi."

"Hutumi?" Akacheka kicheko kikavu. "Wewe? Wewe unayeshindwa hata kumwambia mteja asogee kwenye taa? Kesho washenga wangu wanakuja kwenu. Utaulizwa kama umeridhia, utainamisha kichwa, utanyamaza, na mwali akinyamaza kakubali. Ukishakuwa mke wangu, tutaongea habari za ndege."

Akatoka. Mlango ukabamizwa hadi fremu za picha ukutani zikatikisika.

Sihaba akachukua simu, akampigia Ashrafu, mvuna chumvi aliyezoea kuwafungulia lango la mashamba.

"Kaka Ashrafu, samahani. Kuna yangeyange alifungwa huko?"

"Aa, yule wa Mikdad? Si alituomba tumtegee? Akasema akimaliza atamwachia mwenyewe. Dada, tumemkuta leo asubuhi. Siku mbili juani. Uzi umeingia hadi mfupani."

"Yuko hai?"

"Tumemfukia pale kwenye tuta."

Kilio kikamtoka Sihaba.

"Usilie basi, dada. Hata mimi imeniuma, sikudanganyi. Ningejua ningepita jana."

Jioni ujumbe ukaingia: *Umetuma?*

Kisha: *Usinichezee Siha.*

Kisha: *Mpenzi wangu zilikuwa hasira tu. Nakupenda. Tuma basi.*

Alizisoma zote tatu. Akazima simu.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, washenga wawili walikaa mkekani barazani, barua ya posa imefungwa kwenye kitambaa cha hariri. Sihaba alikuwa ndani, nyuma ya pazia, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi. Shangazi yake, Adija, akaingia kwa madaha, mikono imepakwa hina mbichi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bibi harusi wangu. Haya, baba yako kanituma. Mikdad kaleta posa. Umeridhia?"

Kimya.

Shangazi Adija akasubiri kidogo, akatabasamu, akageukia barazani. Kigelegele kilikuwa kimeshafika kooni.

"Sijaridhia, shangazi."

"Ati?"

"Sijaridhia!" Mara hii sauti ilivuka pazia. Barazani mshenga mmoja akakohoa.

"Wewe mtoto, una wazimu? Pilau iko jikoni!"

Mzee Bwanausi, baba yake, akatokea mlangoni.

"Mwanangu, wageni wamekaa. Kijana kakosa nini?"

Sihaba akampa bahasha. Ndani mlikuwa na picha moja aliyoichapisha mwenyewe studio, weupe umeshushwa, uzi unaonekana wote, kutoka mguuni hadi kijitini.

Mzee akavaa miwani, akaisogeza picha dirishani.

"Kamfunga huyu?"

"Kamfunga, kampiga picha, kamwacha juani mpaka kafa. Nilimwuliza kama alimfungua, baba. Akanyamaza." Akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Hilo ndilo jibu lake. Langu nimeshalisema."

Shangazi Adija akasogea naye kuitazama picha.

Mzee Bwanausi akarudi barazani. Hakukifungua kitambaa. Aliiweka picha juu yake, akawarudishia wageni vyote viwili kwa mikono miwili.

"Tuwie radhi, ndugu zangu. Binti hajaridhia."

"Na hii picha, mzee, tukamwambie nini?"

Nyuma ya pazia, msichana aliyeshindwa kumwambia mteja asogee kwenye taa akajibu kabla ya baba yake:

"Mwambieni ule ukuta mkubwa alioachiwa, atundike hiyo."