Mbwa wa Jabiri

Salha alimjua Jabiri siku paka wake, Pilau, alipoiba ini. Ilikuwa siku ya soko, stendi ya Same imejaa watu, na Pilau akaruka juu ya meza ya bucha mbele ya wateja wote. Salha akatoka mbio kwenye cherehani yake, futi ya kupimia ingali shingoni, dera lake la zambarau likipepea.

"Dada, mwizi wako anachagua," Jabiri, mwenye bucha, alisema akicheka. "Kaacha utumbo, kachukua ini."

"Kwani utumbo wako unaliwa?"

Wakawa wapenzi kwa miezi saba. Kila jioni simu: "Mpenzi, umekula?" "Ukiniletea ndiyo nitakula." Raha tupu, ila jambo moja lilimkera Salha. Wateja wakiuliza, Jabiri alijibu, "Huyu? Jirani yangu tu."

Ndipo Alhamisi moja, mchana kweupe, mbwa mwekundu wa mtaani, aliyezoea kutupiwa mifupa nyuma ya bucha, akamrarua Pilau paja. Salha alimtimua kwa ufagio, akamfunga paka kwenye kanga. Pilau, kwa maumivu, akamparura mkono. Tayari muuza chai alikuwa amekuja na kahawa ya unga amwagie kidondani.

"Jabiri, mbwa wako huyo!"

Jabiri aliwatazama wateja. "Wangu? Mimi namtupia mifupa tu. Mbwa si wangu."

Sauti ileile ya "jirani tu." Hasira zilimpanda Salha mpaka machozi yakamtoka. Unamlisha kiumbe kila siku, anakulindia mlango, halafu likitokea la kutokea unamkana mbele za watu! Uungwana gani huo?

Akachukua bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo, Mama Hedwiga.

"Shikamoo, daktari. Nimpake kahawa?"

"Marahaba. Kahawa ya nini! Maji yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima. Huo mkono wako vilevile, kisha nenda hospitali leo leo ukachomwe sindano. Mbwa afungwe siku kumi tumwangalie kama ana kichaa. Mwenyewe nani?"

"Hana mwenyewe," Salha alisema kwa uchungu.

Jioni simu iliita mara tisa. Ya kumi akapokea.

"Salha wangu..."

"Wako? Mimi si jirani?" Akakata.

Siku ya tatu alimrudisha Pilau kusafishwa kidonda. Uani watu walipanga foleni na mbuzi na kuku wao, na mbele kabisa alisimama Jabiri na aproni yake ya bucha, kamba mkononi, yule mbwa mwekundu miguuni pake.

"Jina la mwenye mbwa?" Mama Hedwiga aliuliza, kalamu juu ya fomu.

"Jabiri Mfinanga. Mbwa ni wangu. Nimemjengea banda." Akageuka. "Na huyo mwenye paka ni mchumba wangu, akinikubali. Nataka kwenda Kihurio kwa baba yake."

Foleni nzima ikashangilia. Salha hakucheka.

"Hapa hawanijui. Kaseme buchani."

Asubuhi iliyofuata Salha alikaa kwenye cherehani, masikio wazi. Haikupita muda, mteja akauliza, "Jabiri, yule fundi ni nani wako?"

Jabiri akaweka kisu mezani. "Mchumba wangu," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mabasi.

"Na mbwa?" Salha akapaza sauti toka ng'ambo.

"Wangu!"

"Basi siku kumi zikiisha akiwa mzima, twende Kihurio."